Mgeni wa Saa Kumi

Siri ya Fundi Saa ilikuwa na miguu minne na rangi ya kijani iliyoanza kubanduka. Ilikuwa benchi. Benchi lenyewe lilikuwa mali ya dobi, limewekwa nje kwa ajili ya wateja wanaosubiri nguo, lakini kwa miezi mitano sasa aliyelikalia zaidi kuliko wote ni mtu ambaye hakuwa na hata soksi moja ya kufuliwa.

Kila siku saa tisa alasiri Fundi alishusha mlango wa bati wa kibanda chake, akafunga kufuli mbili, akavuka barabara, akakaa. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano aliinuka, akapangusa suruali, akaenda nyumbani kwa mkewe na uso wa mtu aliyechoshwa na kazi. Kazi gani? Siku hizi mtu akitaka kujua saa anatoa simu mfukoni. Wateja wa Fundi walikuwa wamebaki wawili: mzee mmoja aliyekuja kubadilisha betri mara moja kwa mwaka, na upepo.

"Mzee," dobi alimwambia siku moja, pasi mkononi, "hili benchi nikiliuza itabidi nikuuze na wewe."

"Hutapata mnunuzi."

"Nitasema ni mto wa kuegemea. Wameushona kama binadamu."

Fundi alicheka kidogo, kisha akatazama upande wa juu wa barabara. Mita mia nne kutoka pale, kwenye jengo la mwisho, ghorofa ya nne, kulikuwa na dirisha lenye pazia la samawati. Kwa macho matupu lilikuwa dogo kama stempu ya barua. Nyuma ya stempu ile alikuwa amekaa mkewe, na Fundi alikuwa anamwogopa.

Si kwamba alikuwa mkali. Mama Chapa, kama alivyoitwa na wote, alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha chapa, akipanga herufi za madini ya risasi moja moja kwa mkono: vitabu vya risiti, kadi za harusi, matangazo ya misiba. Miezi minane iliyopita aliamka asubuhi akakuta upande wa kushoto wa mwili wake umekataa kuamka naye. Kiharusi, walisema hospitali. Sasa alitembea kwa fimbo kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha dirishani, na kutoka kwenye kiti mpaka jikoni na chooni. Ngazi za ghorofa nne hakuwa amezishuka tena. Maneno yake yote yalikuwa yamerudi, ila yalikuja polepole, kama wageni wanaovua viatu mlangoni.

Fundi alijua jambo moja tu duniani: kufungua kitu kilichosimama, kukitafuta kigurudumu kilichogoma, kupuliza vumbi, kufunga. Alipokaa mbele ya mkewe jioni za mwanzo, na kimya kikakaa katikati yao kama mtu wa tatu, hakuona pa kumfungulia. Basi akaanza kuchelewa. Siku ya kwanza dakika ishirini. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Ya Fundi ilikuwa mita mia nne, na kila siku aliogopa ni lini itafika mwisho.

*

"Leo ulikuwa na kazi?" Mama Chapa aliuliza jioni ile.

"Mpaka shingo inauma."

"Pole."

Fundi alikwenda jikoni kubandika maji. Kwenye kichanja cha vyombo kulikuwa na vikombe viwili vimeoshwa na kuinamishwa: bilauri ya mkewe, na kile kikombe kikubwa cheupe cha bati. Moyo wake ukapoa. Huu ulikuwa mwezi wa pili sasa kila jioni anakuta vikombe viwili, na kila jioni dhambi yake ilipungua uzito. Kama mke ana mgeni, basi mume wa kwenye benchi si mbaya sana.

"Naona mgeni alikuja tena," alisema kwa sauti kutoka jikoni.

"Mgeni wa saa kumi," alijibu Mama Chapa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alikaa sana?"

"Hakukaa."

"Na hiki kikombe cha bati ni changu. Mgeni unampa kikombe changu?"

"Ndicho anachokipenda."

Fundi hakuuliza zaidi. Alikuwa ameshaamua kwamba mgeni ni Mama Gundi, yule mwanamke aliyekuwa akibandika majalada kiwandani, rafiki wa mkewe wa chanda na pete. Nani mwingine? Binti yao aliolewa mbali na alipiga simu Jumapili tu, akizungumza haraka kama mtu anayelipia kwa pumzi.

Walikula. Walipomaliza, Mama Chapa alisema, "Ninunulie kitu cha kuonea mbali."

"Kitu gani?"

"Darubini. Nimechoka kuona watu kama mchwa. Toka asubuhi naangalia barabara, sijui nani mwanamke nani mwanamume. Na kuna ndege wamejenga kwenye tangi la maji la jengo la pili, nasikia tu makinda." Alinyamaza kupanga maneno. "Au nyota. Tulichapa kijitabu cha shule cha sayari, unakumbuka? Zohali niliipanga mwenyewe. Herufi sita. Mpaka leo sijaiona."

Fundi alikubali kwa kichwa, mdomo ukitafuna chakula kilichokwisha. Kitu cha kuonea mbali. Alijiona mwenyewe, mita mia nne kutoka dirisha lile, miguu imekunjwa, anakula karanga.

*

Duka lilikuwa la mwanamke waliyemwita Dada wa Studio. Mbele alipiga picha za pasipoti na vitambulisho. Nyuma, kwenye kabati la kioo, aliuza kamera zilizotumika, lenzi, na vitu vya kuonea mbali. Alikuwa mtu wa maneno mengi na meno mazuri, na alimpokea Fundi kama mkwe.

"Karibu, Fundi. Umekuja kupiga picha au kunitengenezea ile saa ya ukutani?"

"Nataka darubini. Ya mtu anayeanza."

"Ya kuangalia nini? Hilo ndilo swali la kwanza. Watu wanakuja hapa wananiuliza bei kabla hawajajua wanataka kuona nini. Ni kama kununua kiatu cha mtu usiyemjua."

Fundi alijikuna shavu. "Nyota. Na ndege kidogo. Ni ya mke wangu."

Dada alifungua kabati. Alitoa kwanza kitu kifupi cheusi kinachotosha kwenye kiganja. "Hii ni darubini ya jicho moja. Inakuza mara nane. Ndege, miti, watu, unaviona wima, vizuri, kama uko navyo. Mwezi pia utauona. Zohali itakuwa kinukta tu. Elfu thelathini."

"Watu pia?"

"Watu ndio hasa. Umbali wa kutoka hapa mpaka kule mwisho wa barabara, utajua nani hajanyoa."

Fundi aliirudisha mezani haraka kama kitu cha moto. "Mkono wake mmoja hauna nguvu," alisema. "Kitu cha kushika kitatetemeka." Lilikuwa kweli, na alishukuru kwamba lilikuwa kweli.

"Hapo umesema. Basi unataka kitu cha kusimama." Akainama, akatoa sanduku refu lililochakaa pembe. Juu yake pameandikwa kwa herufi nyekundu MARA 525. "Hiyo namba isikudanganye. Wanaandika ili wewe ufurahi. Ukikuza mara mia tano kwa kioo hiki utaona ukungu mara mia tano. Cha kuangalia ni upana wa kioo cha mbele, unaona? Sentimita saba. Mwanga unaoingia ndio chakula. Ukitumia hii lenzi ya kukuza mara thelathini na tano, pete za Zohali utaziona. Ndogo, lakini utaziona. Na ina miguu mitatu yake, haitaki mkono."

"Na ndege?"

Dada alisita. Alikuwa muuzaji, lakini alikuwa na Mungu pia. "Kwa ndege siisifu. Kile kijisanduku cha kugeuzia picha alikipoteza mwenye nacho wa kwanza. Inaonyesha kila kitu kichwa chini. Nyota hazina juu wala chini, hazijali. Lakini ukitazama barabara, watu wote wanatembea kwa vichwa. Mabango huwezi kusoma. Mtu anachoka dakika mbili, anaacha."

"Kichwa chini kabisa?"

"Kabisa."

"Huwezi kumtambua mtu?"

"Labda umjue kwa soli za viatu."

"Nipe hiyo," alisema Fundi.

Dada alimtazama. Katika miaka kumi na minne ya biashara hakuwa amemwona mteja anayefurahia kasoro. "Elfu tisini," alisema. "Kwa sababu ya hiyo kasoro nakupa themanini."

Fundi alihesabu. Alikuwa na sitini na nne, nyingine sarafu. Alizihesabu tena, kama vile sarafu huzaliana zikishikwashikwa, huku mteja wa picha ya pasipoti akisubiri na shati la kuazima na kumtazama. Mwishowe akavua saa ya mkononi. Ilikuwa yake mwenyewe, ya kujazwa ufunguo, aliyoitengeneza kutoka kwa saa tatu zilizokufa.

"Shika hii kwa hizo kumi na sita zilizopungua. Inatembea," alisema. "Haijapoteza dakika tangu mwaka juzi."

"Fundi Saa bila saa? Watu watasema nini?"

"Watasema amepitwa na wakati. Wameshasema."

Mtu atauliza: kibandani kwake si kulikuwa na saa zimejaa ukutani? Zilikuwepo, kumi na tisa, zimetengenezwa na hazikufuatwa. Lakini saa ya mteja haivaliwi. Fundi aliweza kumdanganya mkewe kila siku ya Mungu, ila saa ya mteja hakuivaa.

*

Usiku ule waliuona mwezi. Fundi alisimamisha miguu mitatu mbele ya dirisha, akazima taa, akafungua kioo cha dirisha, akahangaika nusu saa akitafuta kitu kikubwa kama mwezi na kukikosa, huku mkewe akimwelekeza kutoka kwenye kiti: "Kushoto. Hapana, kushoto kwako si kushoto kwake." Ulipoingia, ulijaza kioo chote, mweupe, wenye makovu kama uso wa mtu aliyepona ndui. Mama Chapa aliinamia darubini kwa muda mrefu.

"Umeona?" Fundi aliuliza.

"Una mashimo."

"Ndiyo."

"Nilidhani ni picha tu walizochora."

Baadaye walipata Zohali. Ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, na punje ile ilikuwa na pete. Kweli ilikuwa na pete. Mama Chapa aliitazama mpaka ikatembea na kutoka kwenye kioo, Fundi akasogeza, akaitazama tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi minane: alicheka kwa sauti, upande mmoja wa mdomo, mwingine ukifuata kwa kuchelewa.

"Herufi sita," alisema. "Na kumbe iko hivi."

Fundi alikaa sakafuni karibu na kiti cha mkewe. Mkono wa kulia wa Mama Chapa ulikuwa juu ya kichwa chake, mzito na wa joto. Walikaa hivyo mpaka mawingu yakaja. Ungesema mambo yamekwisha, mume amerudi nyumbani, hadithi tuifunge. Lakini kesho yake saa tisa alasiri mlango wa bati ulishuka, kufuli mbili zikafungwa, na Fundi akavuka barabara. Furaha ya jana ilimwogopesha kuliko kimya. Je, leo akirudi mapema na isitokee tena?

"Saa ngapi sasa?" alimuuliza dobi.

Dobi aliweka pasi chini. "Rudia."

"Nimeuliza saa ngapi."

"Ngoja nimwite mke wangu asikie. Fundi Saa ananiuliza saa."

*

Wiki mbili zilipita. Mawingu yalikaa juu ya mji kama mfuniko, nyota hazikuonekana, na darubini ikabaki dirishani. Jioni moja Mama Chapa alisema huku wakila, "Mama Gundi amenunua mkoba mpya."

Fundi alifurahi. "Ah, alikuja nao leo?"

"Hajaja. Hajaja hapa mwezi wa nne huu." Alikunywa maji polepole. "Anapita barabarani jioni. Akikaribia jengo letu anafungua mwavuli. Leo hakukuwa na jua wala mvua. Anaufungua upande huu, anapita, kule mbele anaufunga."

Fundi aliweka kijiko chini. "Umeona wapi?"

"Kwenye darubini."

"Si inageuza watu? Yule dada aliniambia mtu hawezi kutambua kitu."

Mama Chapa alimtazama mumewe kwa huruma fulani, ile ya fundi mmoja kwa fundi mwingine aliyefungua saa na kusahau skrubu.

"Baba," alisema, "miaka ishirini na miwili nimefanya kazi gani?"

Hapo Fundi akakumbuka. Herufi za risasi hupangwa kichwa chini na nyuma mbele. Alikuwa amemwona mara ngapi kiwandani, amesimama mbele ya ukurasa uliopinduka, anausoma kama barua ya mama yake? Nyumbani aliwahi kusoma gazeti lililokuwa mapajani mwa Fundi, akiwa amekaa mbele yake, na kumaliza kabla yake. Kati ya wanawake wote wa mji ule, alikuwa amemnunulia darubini ya kichwa chini yule mmoja ambaye kwake hiyo ndiyo wima.

"Nasoma mpaka mabango," aliendelea. "Studio: picha dakika tano. Dobi: nguo tayari siku hiyo hiyo. Lako linasema uko wazi saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni."

"Naam," alisema Fundi.

"Limeanza kufutika. Lipake rangi."

Fundi aliosha vyombo. Kwenye kichanja vikombe viwili vilikuwa vimeinama, bilauri na cha bati, vimekauka. Alisimama mbele ya kichanja na sifongo mkononi, povu likimdondoka miguuni. Kama Mama Gundi hajaja kwa miezi minne, basi huyu anayekunywa kwenye kikombe chake ni nani?

*

"Mimi siingilii ya watu," alisema dobi Fundi alipomsimulia, naye hakuwa na kazi nyingine. "Lakini nikuhesabie. Mkeo ana mgeni kila siku saa kumi. Mgeni ana kikombe chake maalumu. Na wewe, mwenye nyumba, saa hiyo hiyo uko hapa unanilindia benchi."

"Pengine ni mlinzi wa jengo."

"Mlinzi hupanda ghorofa nne kwa chai? Yule hata mwizi hamfuati zaidi ya ghorofa ya kwanza."

Fundi alikuwa amejisogeza mwisho kabisa wa benchi, nyuma ya kibao cha dobi, akitumaini kwamba kibao kilimziba. Aliinuka, akaenda kwa Dada wa Studio na kuomba ile darubini ndogo ya jicho moja, kwa saa moja tu.

"Ile kubwa imekushinda?"

"Ile ni ya mke. Hii nataka kuangalia ndege."

"Ndege gani?"

"Sijui bado. Ndiyo maana nataka kumwona."

Dada alimpa, ikiwa na kamba yake ya shingoni. "Uirudishe kabla sijafunga. Dhamana yako ninayo," akaonyesha mkono, na Fundi akaiona saa yake pale, inatembea vizuri, kwenye mkono mnene usio wake.

Alirudi kwenye benchi, akaegemeza viwiko magotini, akaelekeza juu. Mwanzoni aliona anga, kisha tangi la maji, kisha nguo za watu wasiomhusu. Mikono iliyoweza kushika unywele wa chuma wa ndani ya saa isitetemeke sasa ilitetemeka. Alishusha pumzi. Stempu ya samawati ikaja, ikawa dirisha, na dirisha likawa wazi.

Mama Chapa alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Mbele yake, kwenye kizingiti cha dirisha, kulikuwa na chupa ya chai ambayo Fundi mwenyewe huijaza asubuhi. Aliifungua kwa kuibana kwapani na kuzungusha kwa mkono mzima. Akamimina kwenye bilauri. Akamimina kwenye kikombe cha bati. Akakisukuma kile cha bati upande wa pili wa kizingiti, ambako kulikuwa na kiti kingine.

Fundi akangoja mtu aingie.

"Amefika?" dobi alinong'ona, kana kwamba angesikika mita mia nne.

"Bado."

Hakuingia mtu. Mama Chapa alikunywa kidogo, akaweka bilauri, akainamia darubini. Kile kioo chake cha mbele, sentimita saba za chakula cha mwanga, kilikuwa duara jeusi lililotazama chini, moja kwa moja kwenye benchi la dobi. Fundi alijivuta nyuma ya kibao. Duara likasogea kidogo, kama shingo ya mtu anayechungulia, likatulia tena juu yake.

Aliganda. Hakuthubutu kushusha darubini ndogo, maana bila hiyo asingemwona, na hakuthubutu kuendelea kuishika. Kule juu mkewe aliinua kichwa. Aligusa ubavu wa kikombe cha bati kwa mgongo wa vidole, kama mtu anayempima mtoto homa. Akangoja. Akainamia darubini tena, akainuka, akakigusa tena. Ndivyo ilivyokuwa saa kumi kila siku enzi za kiwanda, kengele ilipolia na Fundi akafunga kibanda nusu saa kwenda kunywa chai naye kwenye ngazi za nyuma, yeye na kikombe chake cha bati mkononi kwa sababu bilauri za kiwanda zilikuwa ndogo. Alikuwa amesahau. Si kwamba alisahau jambo. Alisahau kwamba mtu mwingine angelikumbuka.

Kule juu Mama Chapa alikichukua kikombe cha bati na kuanza kukinywa mwenyewe, kidogo kidogo, bila hamu. Hakuwa mtu wa kumwaga chai.

"Vipi?" dobi aliuliza. "Ni nani?"

Fundi alisimama. "Namjua," alisema.

"Nije na pasi?"

"Kaa na benchi lako."

*

Alipanda ngazi za ghorofa nne na kusimama mlangoni mpaka pumzi ikarudi. Ndani, mkewe alikuwa amempa mgongo, jicho kwenye darubini, mkono mmoja umeshika kikombe. Bila kugeuka alisema, "Kuna mzee nilikuwa namtazama pale kwa dobi. Ameondoka."

Fundi alipiga hatua moja ndani. "Amekwenda wapi?"

"Sijui. Kawaida huondoka kumi na mbili kasoro dakika tano. Leo mapema."

"Pengine kuna mtu anamngoja kwake."

"Pengine. Mimi nilidhani hana kwake."

Nje makinda walilia kwenye tangi, wakanyamaza. Mama Chapa aligeuka polepole, kwanza bega, kisha uso, akaiona darubini ndogo ikining'inia kifuani mwa mumewe kwa kamba yake. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyoutazama mwezi.

"Ulikuwa unaniona?"

"Kidogo. Mikono inatetemeka."

"Wima au kichwa chini?"

"Wima."

"Una bahati. Mimi wiki mbili hizi nakuona unaning'inia kwenye hilo benchi kama popo." Alitulia, akiyasubiri maneno yaliyobaki yavue viatu. "Kusoma nasoma. Lakini kila siku nilikuwa naogopa utaanguka."

Fundi alivuta kile kiti cha pili. Mto wake ulikuwa umevimba bado, haujakaliwa na mtu. Alikaa. Mama Chapa akasukuma kikombe cha bati upande wake wa kizingiti.

"Imebaki nusu," alisema. "Na imepoa."

Akainywa.